Kipanya chini ya roboti: kupima mwendo kwa kuitazama sakafu

Roboti nyingi za wanafunzi hukwama pale pale. Zinatembea, zinakata kona, zinasimama mbele ya kikwazo, lakini ukiiambia moja iende mita mbili mbele kisha igeuke kulia, itaishia popote. Katika klabu ya sekondari ninayoisaidia hapa Dar es Salaam, wanafunzi huanza kwa kuhesabu muda: washa mota sekunde nne, zima. Betri ikiwa imejaa, roboti inapitiliza, ikichoka, haifiki. Baadaye hufunga vihesabu mizunguko kwenye magurudumu na hali inakuwa nafuu. Ila gurudumu la plastiki juu ya saruji yenye vumbi huteleza, na likiteleza linahesabu mzunguko ambao haukuisogeza roboti hata kidogo.

Dawa yake ni kuacha kuuliza magurudumu na kuiuliza sakafu yenyewe. Kifaa cha kazi hiyo kimo ndani ya kipanya cha kompyuta. Vipanya vibovu havina bei: ofisi zinavitupa, mafundi wa kompyuta Kariakoo wanavyo kwenye maboksi, na mara nyingi kilichokufa ni waya uliokatika shingoni au swichi ya kubofya. Jicho lenyewe bado ni zima.

Jicho linaona nini

Geuza kipanya, tafuta skrubu. Usipoiona, iko chini ya stika au chini ya vile vimiguu laini vya kuteleza. Vibandue taratibu, utavihitaji baadaye. Ndani utakuta vitu vitatu vinavyotuhusu: taa ndogo ya LED, mara nyingi nyekundu, kipande cha plastiki angavu, na chipu nyeusi yenye kitundu kidogo upande wa chini. Ile plastiki usiitupe ukidhani ni kifuniko tu. Upande mmoja huupinda mwanga wa LED uifikie sakafu kwa mshazari, na upande wa pili ni lenzi. Mshazari huo ndio siri ya kifaa: mwanga ukipita chini chini, kila kinundu cha sakafu hutupa kivuli, kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyoonyesha kila kokoto barabarani.

Chipu ni kamera. Nitaeleza kwa ADNS-2610, ya kampuni ya Agilent na baadaye Avago, kwa kuwa imo katika vipanya vingi vya zamani na maelezo yake yanapatikana. Ina pikseli 18 kwa 18, yaani nukta 324 tu, na inapiga picha 1500 kwa sekunde. Kila picha inalinganishwa na iliyotangulia humo humo ndani ya chipu: vivuli vimehama kwenda wapi, na kwa kiasi gani? Majibu hutoka kama namba mbili, mwendo wa kushoto na kulia, na mwendo wa mbele na nyuma. Teknolojia hii ya Agilent iliingia sokoni mwaka 1999 ndani ya IntelliMouse Explorer ya Microsoft. Kabla ya hapo vipanya vingi vilikuwa na mpira. (Ukipata cha mpira, chukua vile vigurudumu viwili vyenye matundu pamoja na macho yake ya mwanga usioonekana. Hivyo ni vihesabu mizunguko tayari, ila si somo la leo.)

Chipu hii hutoa hesabu 400 kwa kila inchi, yaani kila hesabu moja ni milimita 0.0635. Mwisho wake wa kasi ni inchi 12 kwa sekunde, kama sentimita 30. Hapo wanafunzi wengi hunaswa, kwa sababu zile mota za njano za bei nafuu, zikiwa na gurudumu la milimita 65 na volti 6, hupita kasi hiyo kirahisi. Roboti ikizidi kasi, picha mbili zinazofuatana hazina tena cha kulinganisha na namba zinakuwa takataka. Punguza nguvu ya mota kwenye programu kabla hujaanza kulaumu kihisi.

Kuzitoa namba

Angalia kwanza kipanya chako ni cha aina gani. Kikiwa na plagi ya mviringo ya kijani, PS/2, kazi ni nyepesi, maana huhitaji kulehemu nyaya kwenye chipu. Plagi ina pini 6 na tunatumia nne: 1 ni data, 3 ni hasi, 4 ni volti 5, na 5 ni saa, yaani mapigo yanayopanga muda wa kusoma data. Unganisha data na saa kwenye Arduino Uno (bodi ndogo inayoandikiwa programu), tuma 0xFF kukiamsha (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), subiri 0xFA, 0xAA na 0x00, kisha tuma 0xF0 ili kisubiri kuulizwa. Baada ya hapo kila ukituma 0xEB kitajibu 0xFA na baiti tatu: ya kwanza ina vitufe na alama za hasi na chanya, ya pili ni mwendo wa X, ya tatu ni wa Y. Rangi za nyaya zisikudanganye, hazifanani kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Pima kwa mita ya umeme (multimita) kutoka kwenye pini.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuzungumza na chipu yenyewe, kwa sababu inakupa kitu ambacho kipanya kizima hakikupi. Kwenye ADNS-2610 mguu wa 3 ni data, wa 4 ni saa, wa 6 ni hasi na wa 7 ni volti 5. Ng'oa ile chipu nyingine inayopeleka habari kwenye kompyuta, au kata njia zake mbili kwenye bodi, la sivyo zitakuwa sauti mbili kwenye waya mmoja. Kristali ya megahezi 24 iache mahali pake. Unatuma anwani ya rejista (kisanduku cha namba ndani ya chipu), unasubiri mikrosekunde 100, unasoma jibu: 0x02 ni mwendo wa Y, 0x03 ni wa X, na 0x04 ndiyo zawadi niliyoitaja, SQUAL, namba inayosema chipu inaona alama ngapi zinazofaa sakafuni. Andika 1 kwenye rejista 0x00 pia, kwa sababu kwa kawaida chipu husinzia baada ya sekunde moja bila mwendo.

Namba za mwendo zinaishia 127 upande mmoja na -128 upande wa pili, na zinarudi sifuri kila zinaposomwa. Kwa hesabu 400 kwa inchi, 127 ni kama milimita 8, na kwa kasi ya mwisho roboti hupita umbali huo kwa milisekunde 27 hivi. Soma kila milisekunde 10 na usiweke amri yoyote ya kusubiri kwa muda mrefu katika programu hiyo.

Vipanya vingi vipya vya USB vina chipu moja inayofanya kila kitu, hivyo hakuna njia ya kuingilia katikati. Hivyo vichomeke kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na usome faili la /dev/input/mice. Utapata baiti tatu tatu zilizopangwa kama za PS/2.

Milimita 2.4

Lenzi ya ADNS-2610 imetengenezwa ione sakafu iliyo umbali wa milimita 2.4, na ikikosewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita picha huanza kufifia. Ukigandisha kipanya kwenye fremu ya plaiwudi kwa gundi ya moto, kila kibonde cha sakafu kitakuondoa kwenye kipimo hicho. Kata sehemu ya chini ya ganda la kipanya ikiwa bado na bodi, lenzi na vile vimiguu laini, kisha ifunge kwenye roboti kwa namna inayoweza kupanda na kushuka yenyewe: reli mbili za spoku ya baiskeli na springi dhaifu ya kalamu juu yake hutosha. Ganda linaburuzika sakafuni kama lilivyozoea mezani, na umbali unajitunza. Springi isiwe ngumu, au itayainua magurudumu.

Hapa SQUAL inajilipa. Iandike kwenye skrini huku ukisogeza roboti kwa mkono, na utaiona ikipanda na kushuka kadiri ganda linavyolala vizuri au vibaya.

Wapi pa kukiweka

Wanafunzi karibu wote hukiweka katikati kabisa ya roboti, kati ya magurudumu mawili, kwa kuwa panaonekana pana haki. Halafu linakuja swali: "Mwalimu, mbona inajua kwenda mbele ila haijui kugeuka?" Jibu liko kwenye jiometria. Roboti ya magurudumu mawili hujizungusha kwenye nukta ya katikati ya ekseli. Kihisi kilichokaa juu ya nukta hiyo hakihami hata roboti ikizunguka mara kumi, kwa hiyo kinaripoti sifuri, na hakijakosea.

Kisogeze mbele kwenye mstari wa kati, umbali L kutoka ekseli. Sasa roboti ikigeuka, kihisi kinafagia upande, na umbali uliofagiwa ukigawanywa kwa L ndio pembe kwa radiani. L ikiwa milimita 80, kona ya digrii 90 ni milimita 125.7, karibu hesabu 1979. Hiyo ni pembe iliyosomwa kwa umakini kuliko mnavyohitaji. Programu yote ya kujua roboti iko wapi ni mistari mitatu:

pembe = pembe + dx / L
X = X + dy * cos(pembe)
Y = Y + dy * sin(pembe)

Hapa X na Y ni mahali roboti ilipo sakafuni, dx ni mwendo wa ubavuni uliosomwa na kihisi na dy wa kwenda mbele, vyote kwa milimita, na dx inahesabiwa chanya upande wa kushoto. Mistari hii inaamini kwamba magurudumu hayatelezi kwenda ubavuni, jambo ambalo kwa roboti ya magurudumu mawili ni kweli kwa kiasi cha kutosha. Yakiteleza kwenda mbele, kihisi hakidanganyiki, na hilo ndilo tulilolitafuta. Roboti ya magurudumu yanayokwenda pande zote inahitaji vipanya viwili.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Tuseme kipanya kimefungwa kikiwa kimepinda digrii 1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Roboti ikienda mita moja moja kwa moja, kihisi kitaripoti milimita 17.5 za ubavuni ambazo hazikuwepo. Gawanya kwa 80: radiani 0.218, yaani digrii 12.5. Roboti imenyooka na yenyewe inaamini imegeuka digrii 12.5! Nimeona vikundi vikibadilisha mota, betri na hata bodi kwa sababu ya jambo hili.

Usihangaike kukinyoosha kwa mkono. Laza ubao mnyoofu sakafuni, sukuma roboti taratibu ikiusugua ubao kwa mita moja, na ujumlishe namba zote za X na za Y. Uwiano wa jumla hizo mbili unakupa pembe ya upinde kwa atan2 (amri ya programu ya kutafuta pembe), nawe unazizungusha namba ndani ya programu kabla ya kuzitumia. Safari hiyo hiyo inakupa pia kipimo cha kweli: kwa hesabu 400 kwa inchi ungetarajia 15748 kwa mita, lakini kimo na aina ya sakafu huibadilisha namba hiyo. Andika uliyoipata wewe, na upime tena mkihamia chumba kingine.

Sakafu zenyewe

Saruji ya kawaida, mbao, plaiwudi na karatasi zinasomeka vizuri sana. Tailizi nyeupe zinazong'aa ni adui, maana mwanga wa mshazari unaruka na kwenda zake bila kuacha kivuli, na kioo hakisomeki kabisa. SQUAL ikishuka sana, ifundishe programu isiziamini namba hizo na itegemee vihesabu mizunguko kwa muda, kama roboti inavyo. Kwenye mashindano ambayo uwanja wake mnautengeneza wenyewe, tandikeni plaiwudi isiyopakwa vanishi. Vumbi nalo huingia kwenye kitundu cha ganda na kukaa juu ya lenzi. Brashi laini kabla ya kila mbio inatosha.

Zipo pia bodi za kununua zinazofanya kazi hii. SparkFun wanauza moja yenye chipu ya PixArt PAA5160E1, na timu za mashindano makubwa zinaitumia. Ni nzuri. Hata hivyo, mwanafunzi aliyepima L kwa rula yake na kuona pembe ikibadilika anapoikosea ataielewa bodi hiyo kwa siku moja, na hatakwama siku itakapogoma.

Jaribio la mwisho ni mraba. Johann Borenstein na Liqiang Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan waliliweka katika utaratibu miaka ya 1990, kwa mraba wa mita 4 kwa 4. Kwa darasani mita moja inatosha. Roboti iuzunguke kwa mwelekeo wa saa, kisha kinyume chake, na kila mara utie alama ya chaki pale ilipoishia. Ikigeuka kupita kiasi pande zote mbili, L mliyoandika kwenye programu ni kubwa kuliko ya kweli; ikigeuka pungufu pande zote mbili, ni ndogo. Ikizidisha upande mmoja na kupunguza upande mwingine, rudini kwenye ubao mnyoofu mkapime tena ule upinde. Rekebisheni upinde kwanza, ndipo L, kwa sababu upinde usiotibiwa huichafua kila namba inayofuata.