"Navuta Mbili Tu, Daktari": Sigara ya Rejareja na Moyo Wako

Iwe Mbagala, Manzese au Tandika, duka la mtaani halikosi pakiti ya sigara iliyofunguliwa karibu na dirisha la nondo, na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ili mteja asiondoke nacho. Mtu anapita, anaacha sarafu, anachukua fegi moja, anaiwasha palepale, anakiachia kiberiti kining'inie, anaendelea na safari yake. Hajanunua pakiti. Kwa hiyo, kwa hesabu zake, yeye si mvutaji.

Huyo ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, kwa sababu ninakutana naye sana kwenye kliniki ya moyo. Nikimuuliza kama anavuta sigara, jibu lake ni lile lile: "Navuta mbili tu, daktari." Zamani nilikuwa naandika "mbili" kwenye faili na kwenda swali linalofuata. Siku hizi naweka kalamu chini.

Mmoja wao alikuwa dereva wa bodaboda wa miaka 40 na kitu. Alikuja na maumivu ya kifua yanayombana kila akisukuma pikipiki iliyozimika au akipanda ngazi. Mbili tu, akasema. Nikamwomba tuipitie siku yake pamoja. Moja alfajiri kijiweni, akingoja abiria wa kwanza. Moja baada ya chai na chapati. Moja mchana foleni ikimchosha. Moja anayopewa na mwenzake, ambayo alikuwa haihesabu kwa sababu hakuinunua. Jioni kwenye kibanda cha mpira, mbili, na timu yake ikifungwa, tatu. Tukafika saba. Alishtuka, na ninaamini hakuwa ananidanganya. Anayenunua moja moja hana pakiti ya kumwonyesha zimebaki ngapi, na hata onyo la afya lililoandikwa kwenye pakiti linabaki dukani.

Lakini tuseme ni moja kweli. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141 kuhusu wanaovuta kidogo. Mtu akisikia "moja kwa siku" hudhani amebeba sehemu ya 20 ya madhara ya anayevuta pakiti nzima ya sigara 20. Kwa upande wa moyo, uchambuzi ule ulionyesha kwamba anabeba karibu nusu ya hatari yote ya ziada. Nusu! Ukishuka kutoka 20 hadi moja umepunguza gharama, ila moyo bado uko hatarini.

Kwa nini iwe hivyo? Mshipa wa damu una utando laini sana kwa ndani, na utando huo huumia kwa moshi kidogo tu. Chembe zinazogandisha damu nazo hupata unato upesi, zikaanza kushikana mahali ambapo hapana jeraha lolote. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, mapigo ya moyo yanapanda, mishipa inabana. Na ndani ya moshi ule mna kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moyo unaombwa ufanye kazi zaidi huku unanyimwa hewa. Damu ikiganda kwenye mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiganda kichwani, ni kiharusi. Mishipa ya mguuni ikiziba, kidonda kidogo cha kidole kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu.

Kuna jambo ambalo wanaume hunieleza mlango ukishafungwa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo kwa wengi huko ndiko tatizo hujitokeza kwanza, miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Baadhi yao tayari wametumia pesa nyingi kwa dawa za nguvu za kiume zinazotembezwa stendi, na hakuna muuzaji aliyewauliza kuhusu sigara.

Kwa saratani hesabu ni tofauti kidogo: idadi ya sigara na wingi wa miaka vina uzito mkubwa. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 zinajulikana kusababisha saratani, si ya mapafu peke yake bali pia ya koo, kibofu na mlango wa kizazi. Shisha haina nafuu yoyote. Maji yale yanapooza moshi, hayaondoi sumu yake, na mkaa wa juu unaongeza kaboni monoksidi. Mkoa wa Dar es Salaam uliipiga marufuku mwaka 2016. Ugoro hauna moshi, lakini una nikotini ile ile na huleta saratani ya mdomo.

Na tukumbuke tunavyoishi. Katika nyumba ya kupanga, baba akivuta kwenye korido, moshi unaingia vyumba vyote, na mtoto wa jirani mwenye pumu anaupata bila kuchangia sarafu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo zaidi ya milioni moja wasiovuta kabisa.

Mwili, ukiupa nafasi, unarudi haraka kuliko watu wanavyodhani. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo yanaanza kushuka. Baada ya mwaka, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa imepungua kwa nusu hivi. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wenzao tangu 1951 kwa miaka 50: walioacha wakiwa na miaka 50 waliongeza maisha kwa takriban miaka 6, na walioacha wakiwa na 60 waliongeza takriban 3. Namba hizi nawaambia hasa wazee wanaosema, "Nimeshazeeka, niache nini tena?"

Sitakuficha, arosto ipo. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu: hasira, usingizi wa kukatikakatika, njaa. Ndani ya wiki mbili hadi nne hali hupoa. Hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache tu, kwa hiyo unachohitaji ni kitu cha kuzivusha dakika hizo: maji, karanga, bigijii, kumpigia mtu simu. Chagua tarehe, mwambie mwenza wako na wenzako wa kijiweni, kisha acha zote kwa pamoja. Ukishindwa peke yako, muulize daktari kuhusu viraka vya kubandika kwenye ngozi au bigijii za nikotini. Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla hawajafanikiwa.

Yule dereva alirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa amebadilisha duka la kununulia vocha, kwa sababu mwenye duka wa zamani alikuwa akimwona tu anatoa fegi kabla hajaombwa. Nilipomuuliza anavuta ngapi, safari hii alinyamaza kwanza, akahesabu. Alikuwa amevuta moja, kwenye msiba wa baba yake mkubwa, usiku, chini ya turubai na wanaume wenzake. Tukakaa tukapanga: msiba mwingine ukitokea atakaa upande gani wa turubai, na atakaa na nani.