Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu Mkuu Hujikuta Pande Zote Mbili za Meza ya Mishahara?

Mgomo wa walimu unapoitishwa, mwalimu mkuu wa shule ya umma pale Kondele, Kisumu, hutarajiwa kumwarifu mwajiri ni nani aliyefika kazini na ni nani aliyekosa. Hata hivyo, yeye mwenyewe huenda ni mwanachama wa chama kilichoitisha mgomo huo, na kila mwezi ada ya chama hukatwa kwenye mshahara wake sawa na inavyokatwa kwa mwalimu anayemwandikia ripoti. Nyongeza ikipatikana, naye ataipokea. Huo ni mgongano wa maslahi, na hauhitaji mtu yeyote kula rushwa ili uwepo.

Chanzo chake ni jinsi ajira ya walimu ilivyopangwa. Mwajiri ni Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ambayo makao yake makuu yako Nairobi na ambayo imewekwa na Kifungu cha 237 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kwa kuwa tume haiwezi kusimamia kila shule ya Nakuru au Kakamega moja kwa moja, humtumia mwalimu mkuu kama wakala wake. Wakala huyo, lakini, ni mwalimu aliyepanda vyeo kutoka darasani, na Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama.

TSC imewahi kuwashinikiza wakuu wa shule wajiondoe vyamani, ikidai kwamba mtu hawezi kumwakilisha mwajiri na papo hapo kuwa miongoni mwa wanaomdai. Hoja hiyo ina uzito, ila tume nayo ina lake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 hutaka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho kabla mwajiri hajalazimika kukitambua, na ada za wanachama ndizo zinazokiendesha. Kwa hiyo kila mkuu wa shule anayetoka humpunguzia mwajiri mpinzani.

Viongozi wa vyama hawajasalimika pia. Wilson Sossion aliteuliwa na chama cha siasa cha ODM kuwa mbunge mwaka 2017 akiwa katibu mkuu wa KNUT, chama cha kitaifa cha walimu, na uongozi huo wa KNUT hakuuacha hadi 2021, ilhali Bunge ndilo linaloidhinisha fedha za kuwalipa walimu.

Kwa maoni yangu, mgongano mzito zaidi hautazamwi sana, nao unamhusu mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule na kulipwa kwa fedha za shule. Katibu wa bodi hiyo ni mwalimu mkuu yule yule. Walimu wa TSC wanapogoma, huyu wa BOM ndiye anayeweza kuombwa ashike vipindi vyao, naye akikataa hana mkataba wa TSC wa kumkinga, wala nyongeza inayopiganiwa haitamfikia.