Kuongeza parkingi kando ya reli: anza na nguzo za zamani

Mteja akiniita nimwongezee ghorofa juu ya parkingi, huanza kuniuliza magari mangapi zaidi yataingia. Mimi huuliza: nguzo za chini zilijengwa lini, na michoro yake iko kwa nani? Hapa Lubumbashi, hasa karibu na gare, yaani stesheni ya reli, sehemu iliyokua pamoja na reli tangu ilipofika mwaka 1910, michoro mara nyingi imeshapotea.

Basi tunafukua. Kwenye kazi moja kando ya reli, mwenye jengo alitaka ghorofa mbili juu. Tulichimba hadi kwenye msingi katika kona tatu za jengo, tukatoboa nguzo na kupeleka vipande vya betoni maabara vikapondwe. Betoni ilikuwa dhaifu, msingi mwembamba. Nilikataa. Alikasirika sana, na namwelewa, kwa sababu kiwanja cha mjini ni ghali na hewa ya juu ni bure. Mwishowe tukakubaliana kujenga jengo jipya ubavuni mwa lile la zamani, lenye nguzo na msingi wake.

Hapo ndipo wengi hukosea. Jengo la zamani limeshakaa, udongo chini yake umeshashindiliwa miaka mingi. Jipya bado litashuka kidogo. Ukiyafunga pamoja kwa betoni, jipya litalivuta la zamani na ufa utapita palipo dhaifu zaidi. Kwa hiyo tuliacha mwanya wa sentimita chache kutoka msingi hadi juu, kila jengo lisimame peke yake, na magari yavuke juu ya bamba la chuma lililofungwa upande mmoja tu.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na kichuguu kilichosawazishwa zamani. Aliyekulia hapa anajua vichuguu vyetu, vingine vinapita nyumba kwa urefu. Udongo wake unatoa matofali mazuri, lakini chini ya nguzo haufanani na udongo mwekundu unaouzunguka: nguzo moja inaweza kushuka, jirani yake ikabaki. Kapita, msimamizi wa wafanyakazi, alitaka tuuache. Tuliuondoa wote.

Kuhusu uzito, viwango vya Ulaya tunavyovitumia huhesabu hadi kilo 250 kwa mita ya mraba, kwa magari yasiyozidi tani 3. Lori lililojaa makala (makaa ya kupikia) au magunia ya unga halimo katika hesabu hiyo. Kile chuma kinachokingama mlangoni kwa urefu wa mita 2.20, ambacho madereva wanakichukia, kinalinda sakafu kuliko kinavyolinda dari. Tafadhali msikikate.

Umeme wa reli yetu ni wa volti 25,000. Hata waya ukionekana umekufa, mkono wa kreni usiusogelee mpaka watu wa reli wenyewe wathibitishe kwamba umekatwa. Hapo sibishani na mtu.

Mvua za Novemba hadi Machi zingetafuta ule mwanya kabla ya sisi kuondoka. Hivyo kabla gari la kwanza halijapanda, tuliziba mifereji, tukajaza maji sentimita tano kwenye sakafu ya juu, tukasubiri saa 24. Asubuhi tulikuta doa la unyevu chini ya bamba, pale mpira wa kuzuia maji ulipounganishwa. Tulifumua mita mbili, tukaunganisha upya, tukajaza maji tena.