Umeme wa LUKU ulionunua jana bado si mapato ya shirika

Mtu akinunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, wa Sh 10,000 pale Nkuhungu, kwa simu au kwa wakala, anapata tokeni ya tarakimu 20 na mchanganuo wa fedha yake. Wengi hutazama uniti tu. Mimi ni mhasibu, na hesabu za mashirika ya huduma ndiyo kazi iliyoniweka mjini hapa Dodoma, kwa hiyo jicho langu huenda kwenye mchanganuo. Chukua mteja wa kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida, ambaye uniti moja kwake ni Sh 292 kabla ya kodi. Elfu kumi yake inagawanyika hivi: umeme wenyewe Sh 8,196.72, VAT ya asilimia 18 Sh 1,475.41, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 Sh 245.90 na tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1 Sh 81.97. Gawanya 8,196.72 kwa 292, unapata uniti 28 na ushee. Kama kuna kodi ya jengo ya mwezi huo, hiyo hukatwa kwanza na uniti zinapungua.

Sasa niulize kihasibu: dakika ile tokeni inapotoka, shirika la umeme, TANESCO, limepata mapato ya shilingi ngapi? Halijapata hata senti. Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo hushtuka kusikia hivyo, maana fedha imeshaingia benki na mteja hawezi kuirudisha. Lakini kanuni haiangalii benki.

Tuondoe kwanza fedha za watu. IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu mapato kilichoanza kutumika 1 Januari 2018, kinaagiza kwamba fedha inayokusanywa kwa niaba ya mwingine isihesabiwe katika bei ya mauzo. VAT ni ya Serikali. Kodi ya jengo, iliyoingizwa kwenye LUKU Agosti 2021, ni ya Serikali pia, na shirika linaikusanya tu. Tozo mbili zilizobaki zinataka utulivu kidogo: mhasibu aende kwenye sheria aone ni nani hasa anayetozwa, mteja au shirika. Ikiwa ni mteja, na shirika linapitisha tu, tozo inakaa nje ya mapato. Kuandikwa peke yake kwenye risiti ni dalili nzuri, ila risiti haiwezi kuishinda sheria. Vilevile kuna mteja mwenye deni la zamani, la enzi za bili, ambalo linakatwa kidogo kidogo kila anaponunua LUKU. Sehemu ile inapunguza madeni ambayo shirika linawadai wateja. Ilishahesabiwa kuwa mapato zamani, na kuihesabu tena ni kuuza umeme mmoja mara mbili.

Inabaki Sh 8,196.72. Hapa kiwango kinauliza kitu kimoja: shirika limemaliza kutoa lilichoahidi? Liliahidi umeme, na umeme unapokelewa na kutumika papo hapo, taa ikiwaka na pasi ikipata moto. Basi mapato yanapatikana uniti kwa uniti, kadiri umeme unavyopita kwenye mita. Kabla ya hapo shirika linadaiwa na mteja, nalo linaandika dhima, yaani deni lake, kwenye mizania. Hata tokeni ikishaingizwa kwenye mita bado ni dhima, kwa sababu kuingiza namba siyo kuwasha jiko.

Ugumu unaanza 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Mfumo wa mauzo unajua kila tokeni iliyouzwa. Haujui uniti ngapi zimebaki kwenye mita ya nyumba fulani Ipagala saa sita usiku, kwa kuwa mita nyingi za LUKU hazizungumzi na ofisi. Kwa hiyo lazima ikadiriwe, na hapa ndipo ninapomtambua mhasibu anayeielewa biashara yake.

Njia ya kawaida ni kutazama mwendo wa ununuzi. Mteja anayenunua kila baada ya siku kumi, na anayetumia kwa kiasi kile kile, ukimkuta siku yoyote ile utakuta kwa wastani amebakiwa na umeme wa siku tano. Chukua mfano wa kubuni: mkoa unauza umeme wa Sh bilioni 6 kwa mwezi bila kodi na tozo, yaani milioni 200 kwa siku. Ukizidisha kwa siku tano, dhima ni bilioni 1. Hesabu ni nyepesi kiasi hicho, na kwa sababu ya wepesi wake ndiyo maana siiamini hadi nione imegawanywa kwa makundi ya wateja.

Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi, na akizidi hapo kila uniti ya ziada ni Sh 350. Akinunua wa Sh 5,000 anapata uniti 41 hivi, na kwenye nyumba ya Bahi yenye taa tatu na chaji ya simu umeme huo unaweza kumfikisha mwezi unaofuata. Mwenye saluni Majengo hanunui hivyo. Yeye ananunua kila siku mbili tatu, na uniti yake ina thamani ya Sh 292. Ukiwachanganya hawa wawili kwenye wastani mmoja unakosea mara mbili, kwanza kwenye siku, halafu kwenye bei. Tena watu hawangoji mita isome sifuri. Kuna anayenunua zikibaki uniti kumi kwa kuogopa mtandao kusumbua usiku, kwa hiyo ile nusu ya kwenye kitabu iko chini ya ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wachanga hulipita haraka. Kinachogusa mapato ya mwaka ni tofauti kati ya dhima ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka. Kama mwaka jana ilikuwa bilioni 1 na mwaka huu ni bilioni 1, mapato hayajasogea, hata kama makadirio yenyewe yana kasoro. Hatari iko kwenye mwaka usiofanana na mwenzake. Fikiria imetangazwa kwamba bei inapanda 1 Julai. Wiki ya mwisho ya Juni kila mwenye akiba atajaza mita yake. Mauzo ya Juni yataruka, na asiye makini atayaita mapato ya mwaka unaoisha, ilhali umeme ule utawaka Julai na Agosti, tena kwa bei ya zamani. Hapo wastani wa mwaka mzima haufai. Inabidi kuyafuatilia mauzo ya siku zile moja moja.

Uniti ambazo hazitatumika kamwe, za mita iliyoungua au nyumba iliyobomolewa, zina kanuni yake: shirika likiwa na historia ya kutosha linaruhusiwa kutambua sehemu hiyo kidogo kidogo kulingana na matumizi ya wengine. Kwenye umeme kiasi chake ni kidogo, nisikuchoshe nacho.

Kwa wateja wa bili mambo yamepinduka: umeme unatangulia, fedha inafuata. Viwanda, taasisi na wateja wakubwa wa T2 na T3 wanasomewa mita kwa zamu. Aliyesomewa tarehe 20 Juni ana siku kumi za umeme uliotumika na haujakatiwa ankara, na mapato ya siku hizo ni ya mwaka unaoisha. Kipimo cha kuyahakiki kipo: umeme uliotoka kituo cha kupozea umeme cha Zuzu, toa upotevu wa njiani, toa LUKU, kinachobaki kilingane na bili zilizotoka na makadirio ya zile ambazo hazijatoka. Tofauti ikiwa kubwa, ama kuna mita haisomwi au kuna mtu anajiunganishia. Umeme ulioibwa hauwi mapato, maana hapana mkataba. Mwizi akishakamatwa, akapigiwa hesabu na shirika likapata haki ya kisheria ya kumdai, ndipo mazungumzo ya mapato yanapoanza.

Mteja mgumu wa bili ni yule anayetumia miezi na miezi bila kulipa, nawe huwezi kumkatia kwa sababu anahudumia umma. Mteja wa aina hiyo nimemkuta kwenye vitabu. Kiwango kinataka, kabla ya kutambua mapato, iwe inaelekea kwamba fedha italipwa. Mteja akichelewa lakini hulipa, tambua mapato yote, kisha pima hasara inayotarajiwa kwenye deni kwa IFRS 9, kiwango cha mali na madeni ya kifedha. Asiyelipa kabisa usimwandikie mapato mapya kila mwezi ili tu ufute deni mwishoni mwa mwaka. Kufanya hivyo kunakuza mauzo ambayo hayapo, na mauzo hayo yatasomwa na mtu anayepanga bei.

Tuje kwenye kuunganishwa. Tangu Januari 2022 mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30, asiyehitaji nguzo, amekuwa akilipa Sh 320,960 kwa umeme wa njia moja (single phase), na wa kijijini Sh 27,000. Je, hiyo ni mapato siku fundi anapofunga mita? Wahasibu wametofautiana. Uingereza kampuni ya nyaya ni nyingine na muuzaji wa umeme ni mwingine, hivyo mteja akishaunganishwa amepata kitu kamili anachoweza kukitumia kununua umeme kwa yeyote. Kwetu anayeunganisha ndiye anayeuza. Waya na mita bila umeme wake ni pambo la ukutani. Kwa hiyo mimi nasimama na wanaosema ada ile iahirishwe na itambuliwe kwa miaka ambayo mteja anatarajiwa kuhudumiwa. Ukiitambua yote siku moja, mwaka wa kuunganisha watu wengi unaonekana wa neema, halafu neema inapotea bila uniti moja kupungua. Dodoma, mji uliotanuka ghafla tangu Serikali ilipoamua kuhamia mwaka 2016, ni mahali ambapo kosa hilo lingeonekana waziwazi.

Njia za vijijini zinazojengwa kwa fedha za REA zina kanuni tofauti kabisa. Ile ni ruzuku ya Serikali, inafuata IAS 20, kiwango cha ruzuku, na inaingia kwenye hesabu taratibu sambamba na uchakavu wa nguzo na nyaya. Mwanakijiji wa Chemba hakuinunua, basi isiitwe mapato kutoka kwa wateja.

Nimefika kwenye kile kinachoyatenga mashirika haya na duka la kawaida. Bei inapangwa na EWURA, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Shirika linapeleka maombi, wadau wanasikilizwa, na mdhibiti anakokotoa kiasi ambacho shirika linastahili kukusanya: gharama za uendeshaji, uchakavu, kodi na faida ya haki kwenye mtaji. Kiasi hicho kinagawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Makadirio hayo yakikosea, mtu atalipa.

Mfano mzuri uko mpakani mwa Dodoma na Iringa. Bwawa la Mtera linaendesha mitambo ya megawati 80 pale pale, kisha maji yanashuka Kidatu kwenye megawati 204, na mwishowe yanaingia Rufiji lilipo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Mvua zikikatika, kama wakati wa mgao wa 2006 na 2011, umeme wa maji unapungua na pengo linazibwa kwa mitambo ya mafuta na gesi yenye gharama kubwa. Tuseme ukame umeleta gharama ya Sh bilioni 40 ambayo haikuwemo kwenye bei, na mdhibiti akakubali irudishwe kwa kuongeza bei miaka miwili ijayo. Je, ile bilioni 40 ni mali ya shirika leo?

Marekani wanasema ndiyo. Tangu 1982 wana kanuni, sasa ikiitwa ASC 980, inayoruhusu gharama kama hiyo kuwekwa kwenye mizania ikiwa kurudishwa kwake kupitia bei kunaelekea kutimia. Sisi tunaofuata IFRS tunaandika gharama yote mwaka huu, na mapato yatakuja uniti zitakapouzwa kwa bei mpya. Mdhibiti ametoa haki ya kupandisha bei kwa wateja wajao, na haki hiyo hapana mteja mmoja unayeweza kumdai leo. IFRS 14, iliyotolewa 2014 na kuanza kutumika 2016, iliwafungulia mlango wale tu waliokuwa wanaingia IFRS kwa mara ya kwanza. Tanzania iliingia Julai 2004, kwa hiyo mlango huo hautuhusu. Januari 2021 bodi ya kimataifa ya viwango vya hesabu ilitoa rasimu ya kuruhusu mali na dhima za aina hiyo zionyeshwe, na mapato yake yakae kwenye mstari wake, mbali na mapato ya wateja. Naiunga mkono, hasa kwa sababu ya huo mstari wake wa peke yake.

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ikifika bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili, shirika la mwaka wa ukame linaonekana limeendeshwa vibaya, na miaka miwili baadaye linaonekana linawakamua wananchi. Yote mawili yanaweza kuwa kivuli cha bilioni 40 ile ile. Anayesoma hesabu hizo asiishie kwenye faida na hasara. Afungue maelezo yanayoambatana nazo, atafute dhima ya umeme uliolipiwa na haujatumika, atafute umeme uliotumika na haujakatiwa ankara, kisha aweke agizo la bei la EWURA pembeni na aulize gharama ipi ya mwaka huu itarudishwa na wateja wa mwaka kesho. Na shirika liandike jibu hilo lenyewe kwenye maelezo yake, kwa shilingi na kwa mwaka, bila kungoja kiwango cha kulilazimisha.