ECG ya siku ya kwanza haimalizi kazi

Wiki hii tena. Mzazi kaambiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mtoto iko safi, moyo hauna shida, na siku ya tatu mtoto anatolewa kwenye monita kwa sababu homa imeshuka. Nimelisema hili kwenye zamu mpaka sauti imekauka, sasa naandika.

Naongelea MIS-C, ile inflamesheni (kinga kuwaka kupita kiasi) ya mwili mzima inayomkuta mtoto wiki 2 mpaka 6 baada ya korona, mara nyingi mtoto ambaye korona yenyewe ilipita kama mafua tu. Homa, tumbo, kutapika, macho mekundu, upele, mnaijua tangu 2020. Imunoglobulini (kingamwili za kwenye dripu) gramu 2 kwa kilo, steroidi, aspirini, hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni mapigo. Kila mtu anaogopa moyo unaokimbia. Mtoto ana homa ya 40, mapigo 150, watu wanajaa kitandani, lakini digrii moja ya homa peke yake inaongeza kama mapigo 10 kwa dakika, weka na maumivu, weka na kupungukiwa maji, weka na msuli wa moyo uliolegea unaojaribu kufidia, hiyo mbio ina sababu zake na ukiizima kwa dawa unaweza kumwangusha mtoto kabisa. Mbio mbaya zipo, sikatai. Ila hizo huanza ghafla na hung'ang'ania namba ileile hata mtoto akilala, wakati mbio ya homa inapanda na kushuka na kilio chake.

Wanayemsahau ni yule ambaye mapigo yameshuka! Homa inaondoka, mtoto anaomba chakula, wote tunapumua, na ni katika siku hizohizo ndipo njia ya umeme kati ya atria (vyumba vya juu vya moyo) na ventrikali (vya chini) inaweza kuanza kusumbua na PR, yaani muda wa umeme kutoka juu kufika chini, ikarefuka. ECG ni picha ya sekunde kama 10, sasa sekunde 10 za Jumatatu zinakuambia nini kuhusu Alhamisi?

Na PR yenyewe jamani tuisome vizuri. Ule mpaka wa sekunde 0.20 ni wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 mwenye 0.18 tayari amerefuka, lakini mashine usipoiwekea umri itakuandikia kawaida na wewe utasaini. Tena moyo ukikimbia PR inatakiwa ifupike, kwa hiyo 0.17 kwenye mapigo 150 inanitisha kuliko 0.17 ileile kwenye mapigo 80. Ndio maana siisomi peke yake, naweka ECG ya jana na ya leo pembeni kwa pembeni, naangalia na mapigo, halafu ndio naongea. Nilishakuwa na mtoto ambaye siku ya kwanza hakuwa na kitu, siku ya nne PR imerefuka, siku ya tano mapigo mengine hayapiti kabisa. Alikuwa anacheka kitandani wakati huo, na eko yake (ultrasound ya moyo) ilikuwa nzuri, maana eko inaonyesha pampu na koronari (mishipa inayolisha moyo), haionyeshi waya, yaani ile njia ya umeme.

Wengi wa hawa hurudi sawa wenyewe inflamesheni ikitulia. Wachache huenda mpaka bloku kamili, umeme wa juu haufiki chini kabisa, na nikisimama pale kitandani sina njia ya uhakika ya kujua ni yupi. Steroidi nazo zinaweza kushusha mapigo, kwa hiyo mtoto wa mapigo 50 usingizini inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa ugonjwa, na kuna usiku nimebaki naangalia monita tu bila jibu. Hata ile miezi 3 mpaka 6 ya kukaa bila michezo tumeiazima kwenye miongozo ya mayokaditisi (inflamesheni ya msuli wa moyo) ya virusi iliyokuwepo kabla ya ugonjwa huu, wakati mioyo mingi ya MIS-C inarudisha nguvu ndani ya wiki chache. Bado nawazuia. Kumzuia mtoto mpira bure naweza kuishi nako.

Kwa hiyo ECG kila siku akiwa wodini, hata akicheka. PR ikirefuka haondoki kwenye monita. Na kabla hajarudi uwanjani avae Holter, kile kifaa kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo, saa 24, maana pigo linalokosekana saa nane za usiku hakuna kipimo cha asubuhi kitakachokuonyesha.