Picha Nyeusi za Goya hazikuchorwa kwenye turubai

Wengi wakiziona Picha Nyeusi 14, michoro ya giza na ya kutisha ya mchoraji Mhispania Francisco Goya, katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, hudhani alizichora kwenye turubai na kuzipa majina yeye mwenyewe. Sivyo. Kati ya 1819 na 1823 alizichora kwa rangi za mafuta moja kwa moja juu ya lipu kavu ya kuta za nyumba yake, Quinta del Sordo. Hata "Saturno" (mungu wa Warumi wa kale) akimla mwanawe ni jina lililobandikwa na watu wengine.

Mwaka 1874 mkarabati wa picha Salvador Martínez Cubells alianza kuzihamishia kwenye turubai kwa agizo la mwenye nyumba, Baron d'Erlanger. Hapo ndipo palipoharibika: rangi ya mafuta juu ya lipu haishiki vizuri, ikibanduliwa hupukutika, na mapengo lazima yajazwe kwa brashi ya mtu mwingine. Tazama, katika mojawapo ya picha hizo, wale wawili wanaopigana kwa marungu, eti wamezama matopeni hadi magotini. Picha za kamera alizopiga mpiga picha Laurent kabla ya uhamisho zinaonyesha kama wamesimama kwenye majani. Kwa hiyo tafsiri nyingi nzito kuhusu tope lile zinasimama juu ya ukarabati, si juu ya mkono wa Goya.