"Tutafika wote pamoja": dhana potofu za akina dada wanaopanda Kilimanjaro

Mimi ni muongozaji wa wapandaji, na kila kikundi cha akina dada ninachokipokea geti la Marangu huja na sentensi ileile: "Dada, sisi tumezoeana, tutafika wote pamoja." Nawaelewa. Walianza na matembezi ya Jumamosi, wengine Pugu, wengine Ngong, wakawa marafiki kwa kubebeana maji na kusubiriana kwenye miinuko. Urafiki wa namna hiyo ni wa kweli na naupenda. Lakini sentensi hiyo nimechoka kuisikia, maana ndiyo inayowashusha watu kwenye machela.

Kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mwili hujirekebisha kwa siku kadhaa, kila mwili kwa kasi yake, na kasi hiyo haiji kwa mazoezi. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kutapika kambi ya Horombo, huku mwenzake aliyekuwa wa mwisho Ngong anakula wali na kuomba nyongeza. Mwenye mazoezi ana hatari yake ya ziada: miguu inamruhusu kwenda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Sasa marafiki hufichana. Mmoja kichwa kinamuuma tangu jana jioni lakini hasemi, kwa sababu safari imepangwa mwaka mzima, wamechangishana, wamechapisha hadi fulana za kufanana. Wenzake wameona hali, wananyamaza wasimvunje moyo. Mimi natazama bakuli la uji. Uji umekorogwa ukaachwa, mtu anasema "niko sawa" bila kuinua uso, glavu zinamshinda kuvaa: hapo naanza kuuliza maswali. Ukiwa mwinuko huo, kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, chukulia ni ugonjwa wa mlima. Huongezi hata mita moja mpaka dalili ziishe. Zikizidi, unashuka.

Nikiwa na wasiwasi namchorea mtu mstari vumbini, atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa mbele. Akiyumba, mjadala umekwisha, kwa sababu hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba. Anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana. Anayehema akiwa amekaa, au kukohoa makohozi yenye povu, naye anashuka, kwani mapafu yanajaa maji.

Ndiyo maana nawaomba mpangane wawili wawili kabla ya kuingia getini, na habari za mgonjwa aniletee mwenzake, mgonjwa mwenyewe asisubiriwe. Kumsema rafiki yako kwa muongozaji si kumsaliti. Kubalianeni pia mkiwa chini kwamba mmoja akishindwa atashuka na muongozaji msaidizi, wengine waendelee. Msipoliamua mapema, mtaliamua kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane, mkiwa na baridi na machozi.

Na ongezeni siku! Hili nitalipigia kelele mpaka nistaafu. Njia ya Marangu ya siku tano inakutoa Horombo, mita 3,720, ikakulaze Kibo, mita 4,720, bila siku ya kuzoea. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata. Siku ya sita, mkapanda hadi miamba ya Zebra Rocks na kurudi kulala Horombo, ina faida kuliko koti lolote jipya mtakalonunua.

Kuna dhana nyingine ninazozisikia. "Maji mengi yanazuia ugonjwa wa mlima." Hayazuii. Yanazuia upungufu wa maji, ambao nao huumiza kichwa. Kujilazimisha kunywa lita kwa lita kunapunguza chumvi kwenye damu, na hilo nalo linaua.

"Diamox inaficha dalili." Hapana, dawa hii ya kuzuia ugonjwa wa mlima inakufanya upumue zaidi na kuharakisha mwili kuzoea. Ianze kwa ushauri wa daktari, umweleze kama una mzio wa dawa za salfa. Utakojoa mara nyingi na vidole vitakuwa vinachoma-choma.

"Kilimanjaro ni ya wanaume." Mwanamke aitwaye Sheila MacDonald alifika kileleni mwaka 1927. Tuendelee.

"Ukiwa kwenye hedhi usipande." Panda. Hakuna ushahidi kwamba hedhi inakuongezea ugonjwa wa mlima. Ila safari, baridi na uchovu huweza kuvuruga tarehe, kwa hiyo beba pedi hata kama si wakati wako, ziweke kwenye begi dogo unalobeba mwenyewe, si lile la mpagazi ambalo hutaliona mpaka jioni. Beba na mfuko wenye zipu wa kuweka zilizotumika, maana lazima zishuke na wewe.